Taleri ya Mfalme Zygmunt Yaenda Harusini

Jumamosi ile mjini Tarnów, Zenobi alikuwa akipita mbele ya kanisa bila nia mbaya yoyote, jambo linalomtokea mara moja kwa mwaka, alipomwona Mzee Hieronim akingoja maharusi watoke. Hieronim, mjomba wa bibi harusi na mfanyabiashara wa nguruwe, alikuwa mgonjwa wa sarafu za kale. Nia njema ikafa papo hapo.

Mfuko wa kulia wa Zenobi ulikuwa na taleri halisi, sarafu ya kale ya Mfalme Zygmunt wa Tatu, fedha tupu, mtaji wake wote duniani. Wa kushoto, pacha wake bandia wa madini ya risasi. Ile halisi alikwisha kuiuza mara kumi na moja, na kila jioni ilirudi kulala nyumbani.

"Ya marehemu babu," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Shida tu, mzee wangu."

Hieronim akaigonga kwenye ngazi, akaisikiliza ikilia.

"Zloti elfu nne. Na usinililie matanga hapa."

"Elfu nne?" Zenobi akaipokonya taleri. "Babu atafufuka anichape!"

"Akifufuka nitamnunua naye."

Wakapeana mikono, na Hieronim akachomoa moja ya bahasha mbili zinazofanana kotini mwake. Bahasha nono ikaenda huku, risasi ikaenda kule, taleri ikabaki ngumini mwa Zenobi. Mara milango ikafunguka, na watu wakaanza kuwamwagia maharusi sarafu, kama ilivyo ada.

"We kijana!" Ajuza mmoja akamdaka mkono. "Umefumbata pesa mbele ya maharusi? Unawatakia ufukara?"

"Bibi, hii si ya..."

"Jamani, njooni mwone bahili!"

Vichwa vikaanza kugeuka. Kabla cha Hieronim hakijageuka, Zenobi akarusha. Taleri ikalia juu ya mawe. Alipoinama kuiokota, ajuza akamtwanga mkoba wa kichwa.

"Koma! Wanaookota ni maharusi tu!"

Bibi harusi, Bronka, akamwahi mumewe kuiokota, maana aokotaye nyingi ndiye atakayeshika pesa za nyumba. "Asante, kaka! Mungu akuzidishie!"

Zenobi akajikokota hadi kona ya barabara, akafungua bahasha ajifariji. Vipande vya gazeti, na kadi isiyo na jina: *Wapendwa maharusi, pokeeni kidogo hiki.*

Akachungulia. Kwenye foleni ya pongezi, Hieronim alikuwa akimkabidhi mpwa wake ile bahasha nyingine, yenye zloti elfu nne, huku akibana kicheko, maana alikuwa na hakika kwamba anampa ile ya gazeti.