Virundo vya Mawe Njia ya Machimboni

Jumatatu, 24 Juni
Hili sijamwambia mtu yeyote. Nimezaliwa chini ya mlima, nina miaka kumi na sita, na sijawahi kuupanda. Hata mara moja! Ile insha yangu ya kileleni iliyopata tuzo shuleni niliitoa kwenye picha ya kalenda ya jikoni. Sasa shule imekwisha, na Bi Thwaite, mwenye nyumba ya wageni, ananitaka niongoze wageni wake kiangazi kizima. Mzunguko wa kutwa: msituni, machimboni, kileleni, kisha kushuka ziwani. Eti mtu aliyeandika vile anaijua njia hata akifumba macho. Nikasema ndiyo. Jumamosi ni majaribio. Nikishindwa, kazi anapewa binamu yangu Rowena, mwenye jozi tatu za viatu vya mlimani na mdomo usiochoka.

Jumanne, 25 Juni
Rowena kanikuta dukani. Kaniuliza kama nitaongoza au nitabebwa. Eti shoga, huko juu hakuna kochi. Nikatabasamu, nikasahau maziwa.
Nina mpango! Kesho naenda peke yangu. Kila nitakapokosea njia nitaweka kirundo cha mawe, nikumbuke: usipite huku. Nani atagundua? Mawe yamejaa kila mahali.

Jumatano, 26 Juni
Nimepotea mara tano. Virundo vitano.
Lakini mbona hakuna aliyeniambia? Msituni mwanga wenyewe ulikuwa wa kijani. Machimboni kuna ukuta wa mawe ya buluu, mrefu kuliko kanisa, mababu zetu waliukata kwa mikono. Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Pembeni palikuwa na njia ya kuingia gizani. Nikaogopa, nikarudi, nikaweka kirundo. Kileleni ukungu ukafunguka ghafla, ziwa likawa chini kabisa, dogo, liking'aa kama kijiko. Nililia kidogo. Insha yangu haikufika hata robo.

Alhamisi, 27 Juni
Malengelenge miguu yote miwili. Nimemwambia mama ni viatu vya kanisani.

Jumamosi, 29 Juni
Wageni tisa. Bi Thwaite. Na Rowena, eti kaja kutazama tu.
Msituni shwari. Machimboni, balaa! Kirundo changu kilikuwa kimefika kiunoni. Kumbe kila mpita njia huku akiona kirundo huongeza jiwe lake na kukifuata! Nyasi zilikuwa zimeshakanyagwa kuelekea kwenye kosa langu. Wageni wakaongeza mawe yao, wakazama gizani kabla sijafungua mdomo. Rowena akanong'ona, eti we Greta, huko mwisho ni ukuta mtupu, umetuua. Nikafuata.
Giza likaisha. Tukajikuta kwenye ukumbi uliochongwa ndani ya mlima, mkubwa ajabu, juu umetoboka, na nguzo ya mwanga imesimama katikati. Maji yalidondoka mahali fulani, na kila tone likajibiwa. Mzee aliyelalamikia goti lake tangu asubuhi akavua kofia. Hata Rowena! Bi Thwaite akanishika mkono, akasema miaka hamsini anaishi hapa na hakujua kama pahali hapa papo, kwa nini mtoto mimi nilikuwa nikimficha.
Kirundo cha pili kilitupeleka kwenye kinamasi. Bi Thwaite akazama hadi magotini. Kilele hatukukiona kabisa. Hakuna aliyekiulizia.

Jumapili, 30 Juni
Nimepata kazi! Bi Thwaite kauliza kama naujua na ule mlima mkubwa ng'ambo ya ziwa. Nikasema kama kiganja changu. Sijawahi kufika hata kwenye lango lake.
Nimelala nikiwaza kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Virundo vyangu vilikuwa vidogo mno, watu wakavionea huruma wakaviongezea. Jumanne naenda kisirisiri, na kila nitakapopotea nitajenga kikubwa, kilichokamilika, kisichohitaji hata jiwe moja zaidi. Nani atakigusa?
Wewe uliyeufungua ukurasa huu, tafadhali sana, yabaki kwako. Wageni wa Jumamosi ijayo ni ishirini na wawili.