Tetemeko la Jumamosi Asubuhi

Jumatatu, 6 Oktoba
Sauti moja haijanitoka tangu utoto: glasi za kabatini kwa bibi, Goma, zikigongana zenyewe kabla sisi hatujahisi lolote. Ndiyo iliyonileta kwenye maabara hii ya Brussels. Tunasikiliza kisima cha jotoardhi kinachochimbwa katikati ya jiji. Maji yakisukumwa chini, mwamba hutoa vitetemeko ambavyo hata paka havimshtui. Kazi yetu ni kujua vimeanzia wapi hasa. Leo Profesa ametangaza: mkataba mpya ni mmoja, wangu au wa mwenzangu Mathieu. Mathieu ana programu ya kompyuta na tabasamu. Mimi nina ukoo.

Jumanne, 7 Oktoba
Mpango. Ukijua mtetemo umefika lini katika sehemu tatu, unajua ulikotoka. Nimeazima vipima-mtetemo vitatu stoo, bila kumsumbua mtu kwa kuomba. Kimoja kwa mama yetu wa ukoo, maman Viviane, mtaa wa Evere. Kingine kwa dada yake, Uccle. Cha mwisho kwa shangazi Mignonne, Anderlecht. Vyote kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Kimya cha kaburi! Nimewaambia vinapima unyevu. Maman Viviane aliuliza tu kama vinakula umeme.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tetemeko! Vituo vyote vitatu, wakati mmoja. Kwa hiyo lilianzia umbali sawa kutoka kote. Nimechora miduara mitatu. Imekutana chini ya kisima, barabara. Mitetemo mingi mfululizo, kwa mpangilio wa ajabu. Mwamba wenye nidhamu. Programu ya Mathieu haikuona kitu. Nimemwandikia Profesa, uchimbaji umesimamishwa. Sikufurahi kupita kiasi. Nimenunua keki.

Jumapili, 12 Oktoba
Posa ya binamu yangu Jémima, kwa maman Viviane. Nilisifu sombe, kisamvu cha kwetu. Akaeleza kwa fahari: majani mabichi yalikuja kwa ndege, yakagawanywa nyumba tatu. Jana asubuhi yeye, dada yake na Mignonne walitwanga pamoja, kila mmoja kwake, simu zikiwa wazi, wakiimba ili mapigo yaende sawa.
Nikauliza walitwangia wapi.
“Mu cave, kule chini ya nyumba, mutoto yangu. Voisin, ule jirani wa juu, alishaita polisi juu ya makelele. Alors, juu ya nini hauli?”

Jumatatu, 13 Oktoba
Nilikusudia kunyamaza. Mathieu akaniuliza mbele ya Profesa, kwa upole unaoudhi, ni mwamba gani unaogonga kila sekunde kisha unapumzika kama mtu anayefuta jasho. Nikaeleza. Profesa akauliza sombe ni nini. Mathieu akaomba mapishi. Kisima kimeendelea kuchimbwa. Mkataba ni wa Mathieu. Mimi nikusanye vifaa, nivirudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimetafakari kwa utulivu. Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa sombe. Mwisho wa mwezi bado, na Profesa hawezi kubishana na tetemeko la kweli. Kuna mama mwingine wa ukoo, Émérance wa Etterbeek: hatwangi kitu, hula mkate. Ana kikundi cha maombi tu, wanaruka kidogo Jumatano jioni. Kipima kimoja nimekwisha kukifunga chini ya sakafu yake. Viwili nimeviweka kwa wenzake wawili wa kikundi, wazee, hawatoki. Wao huruka nyumbani, kwa simu.