Siku Kazimir Alipolifikisha Gari Pampuni

Sogeeni, enyi wenye masikio, mlio na magari na mnaotembea kwa miguu! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, msikie aliyoyatenda Kazimir Wojtasik, mfua chuma, mwana wa Walenty mchimba makaa, katika mabonde ya Pennsylvania, mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na tisa, petroli ilipoadimika na watu wazima wenye ndevu wakasinzia juu ya usukani wakilinda zamu zao. Vita vya wafalme vimekwisha kuimbwa. Hivi bado.

Kazimir alikuwa na gari. Nasema gari kwa kukosa neno. Lilikuwa na silinda nane, milango mizito kama ya hazina, viti vyekundu walivyoweza kukaa watu sita pasi na kugusana viwiko, na pua ndefu hata dereva akikata kona, pua ilitangulia kufika mtaa wa pili naye angali mtaa wa kwanza. Kwa galoni moja lilikwenda maili tisa. Penye mlima, saba, tena kwa kunung'unika. Likipita kituo cha mafuta bila kusimama, watu waliulizana kuna msiba gani.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ambayo mpwa wao alikuwa anaolewa, mkewe Florence alitoka nyumbani na trei ya nne ya golabki, zile kabichi zilizofungiwa nyama na wali. Golabki mia mbili zilikuwa zikingojewa ukumbini mwa kanisa, ng'ambo ya mlima. Florence, mwanamke wa maneno machache yenye makali, akachungulia mshale wa mafuta.

"Kaz, mshale umelala."

"Umejipumzisha."

"Tangu Jumatano?"

Hapo simba wa tanuru akatunisha kifua, akainua mkono mbele ya jirani na mbwa wa jirani, akanena: "Mke wangu! Gari hili ndilo lililomleta binti yetu kutoka hospitali. Gari hili ndilo lililomfuata baba yangu hadi makaburini, wala halikukohoa. Nami naapa: likizimika leo barabarani, Jumatatu naliuza, naingia katika kigari cha Kijapani, magoti yakiwa masikioni!"

"Umesema mwenyewe," akasema Florence. "Mama, umemsikia?"

Mamake Florence, Bibi Stasia, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa ameshaketi kiti cha nyuma na trei moja mapajani. "Nimemsikia. Na Mungu kamsikia pia, kwa kelele hizo."

Basi wakaondoka. Kazimir alizima kipoza hewa ili kuokoa petroli, joto likawakalia kama mgeni asiyeaga. Akaupanda mlima kwa mguu mwepesi, akilibembeleza kanyagio la mafuta kama mtu anayekanyaga mkia wa chui aliyelala. Bibi Stasia alitoa rozari.

"Mkwe wangu, mbona baiskeli imetupita?"

"Ni mkakati, mama."

"Haya. Mkakati unanuka kabichi."

Kufika kileleni, shujaa alifanya jambo ambalo wenye akili hawalifanyi: alizima injini na kuliachia gari literemke lenyewe. Ole wao! Usukani uliokuwa ukizungushwa kwa kidole kimoja ukawa mgumu kama komeo la gereza, breki zikawa jiwe. Tani mbili na nusu za chuma na golabki zikashuka kimya kimya kama deni. Kazimir akapambana na kona ya kwanza kwa mabega, ya pili kwa meno, ya tatu kwa kumwita mama yake kwa Kipolandi. Nyuma, Bibi Stasia alifumba macho na kuikumbatia trei. Florence alishika goti la mumewe, akalibana hata likafa ganzi.

Wakateremka mpaka chini, mpaka mkiani mwa foleni ya kituo cha Andy Palko, gari likasimama lenyewe, shubiri moja nyuma ya lori la maziwa.

Palko alikuwa akipita na kibao cha kadibodi, akihesabu magari. Alipolifikia lile la Kazimir alisita.

"Nimebakiwa na petroli ya gari moja, Kaz. Sasa hili niliite moja kweli?"

"Lina namba moja ya usajili, Andy."

Palko akacheka, akakitundika kibao nyuma ya gari: MWISHO. Waliokuja baadaye wakageuza wakitukana, isipokuwa kijana mmoja katika kigari cha manjano, aliyejibandika pale pale kama kupe, akitarajia.

Saa nzima foleni ilijongea. Kila ikijongea, Kazimir aliwasha, akasogea, akazima, na kila alipowasha, injini ilimeza tone lililomuuma yeye rohoni. Lori la maziwa likajaza, likaenda zake. Zimebaki hatua thelathini. Kazimir akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja kama mzee anayetaka kusema jambo, ikanyamaza.

Akazungusha tena. Kimya.

"Mzee, limekufa hilo!" akapayuka yule wa kigari cha manjano. "Sogea, napita!"

Kazimir akakaa, mikono usukanini. Hakumtazama mkewe. Aliwakumbuka baba yake, na binti aliyefungwa blanketi la njano, na Jumatatu ijayo. Kisha akashuka, akatia bega kwenye fremu ya mlango, mkono mmoja usukanini, akasukuma. Kile chombo hakikutikisika. Akasukuma mpaka shati la harusi likapasuka mgongoni.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka. Florence, ambaye kwa kukaa tu angekuwa ameshinda na gari lingeuzwa Jumatatu, alivua viatu vyake vya visigino, akaviweka juu ya paa, akaenda nyuma na kuweka viganja juu ya mfuniko wa buti la gari.

"Flo, kiapo..."

"Uliapa likizimika barabarani. Hii si barabara. Hii ni foleni. Sukuma!"

"Mimi ni shahidi," akasema Bibi Stasia kupitia dirishani. Akashuka naye, trei mkononi, ili kupunguza uzito.

Wakasukuma. Gari likakubali unyayo mmoja, kisha wa pili, likashika mwendo. Palko akaja mbio akasaidia. Watu waliokuwa wakilipa wakatoka nje, wakapiga makofi. Hata kigari cha manjano kikapiga honi, sijui kwa hasira au kwa heshima. Na saa tano kasorobo, tarehe thelathini Juni, pua ya gari la Kazimir Wojtasik ikafika pampu ya pili. Andikeni, enyi wenye kalamu! Miji imetekwa kwa jasho haba kuliko lile.

Bibi Stasia akawagawia wasukumaji na wapiga makofi golabki moja moja. Harusi ikabakiwa na mia moja tisini na mbili.

Kazimir, shati likipepea kama bendera iliyochanwa vitani, akashika bomba. Petroli ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, namba za pampu zikikimbizana, na tangi likiguna kwa kiu isiyo na mwisho. Kisha yule ambaye hakuwahi kukiri lolote mbele ya binadamu akasema taratibu, "Kumbe linakunywa kweli."

Florence, aliyelingoja neno hilo miaka minane, alikuwa akivaa viatu. Hakuinua kichwa. Lakini Bibi Stasia, aliyekuwa amesimama karibu, aliapa hadi siku ya kufa kwake kwamba bibi harusi mwenyewe, siku ile, hakung'aa uso kama Florence bintiye.