Asubuhi ya Fidla na Bwana Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwamba leo, kuanzia saa tatu kamili asubuhi hadi saa sita mchana, umma utatulia. Utulivu huo umeidhinishwa na vikao vinne, na utatolewa redioni kwa njia ya muziki wa klasiki pamoja na mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa. Atakayeshindwa kutulia alete maelezo kwa maandishi, nakala tatu.

Tangazo lilisomwa mara saba tangu alfajiri, na kila liliposomwa, Mama Vitufe, fundi mitambo wa redio hiyo, alizidi kukosa utulivu. Bintiye alikuwa na mtihani wa taifa. Shule ilikuwa imesema wazi: bila cheti chenye muhuri jina halipelekwi, na orodha inafungwa leo saa sita. Cheti kilikuwa mkobani mwake wiki ya tatu sasa, kimeandikwa, kimesainiwa, kimekosa muhuri tu. "Piga simu upangiwe siku ya muhuri," walimwambia dirishani. Akapiga. Wiki tatu simu ilimpigia fidla, wimbo uleule, na kila baada ya dakika mbili dada mmoja akikatiza katikati kama kuku anayepita sebuleni: "Tunathamini uvumilivu wako."

Mgeni aliingia saa tatu kasoro, suti imenyooka, mkoba kwapani.

"Tukushikie mkoba, mzee?" mtangazaji aliuliza.

"Thubutu! Humu mna muhuri wa Idara. Natembea nao. Nikiuacha ofisini, watu wataupiga."

Nyuma ya kioo, Mama Vitufe akameza mate.

Taa nyekundu ikawaka. Mkurugenzi akasogelea kipaza sauti. "Utafiti wetu unaonyesha kwamba mwananchi wa kawaida husikiliza klasiki saa mbili kwa siku."

"Ala! Anaisikilizia wapi?"

"Utafiti haukuuliza wapi."

"Na yale malalamiko ya simu za Idara, mzee?"

"Uzushi. Simu yetu inapokelewa kabla haijaita mara ya pili."

"Basi tuburudike na kipande cha kwanza," mtangazaji akasema upesi, maana na yeye ana watoto.

Mama Vitufe akatazama saa ukutani. Akautazama mkoba. Kisha akavuta simu ya studio, akabonyeza namba ambayo vidole vyake viliijua kuliko ya mumewe, na akaipandisha hewani.

Fidla ikajaa nchi nzima.

Mkurugenzi akafumba macho. "Aah. Hii naijua. Mtunzi aliiandika akiwa na huzuni, wakati wa baridi. Sikilizeni anavyorudia! Bingwa haogopi kurudia."

"Tunathamini uvumilivu wako," dada akasema.

"Na hapo anaingia mwimbaji," Mkurugenzi akainua kidole. "Mnasikia hiyo pumzi?"

Mtangazaji akanywa maji, glasi nzima. Nchi nzima iliujua wimbo huo, hata watoto wachanga walibembelezewa nao. Mkurugenzi peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuusikia, kwani nani hupiga simu ofisini kwake mwenyewe?

Saa nne ikapita. Mkurugenzi alimsifu mwimbaji mara kumi na tisa, akaahidi kumtafutia nishani. Saa sita kasoro robo fidla ikakatika kwa kishindo.

"Haya, nani tena huyo?" Sauti ya karani, mdomo umejaa chakula.

"Samahani kaka," Mama Vitufe akasema, hewani vilevile. "Nataka muhuri."

"Dada yangu, utazeeka! Muhuri anao bosi, anazunguka nao kama amezaa juzi. Leo kaenda redioni kuwadanganya watu habari za muziki. Mwenzangu, anaweza kutofautisha fidla na mlango mbovu yule?"

Mkurugenzi akafumbua jicho moja, kisha la pili.

"Kipande hiki," akasema polepole, "kinaishia vibaya."

Mlango ukafunguka. Mama Vitufe akaingia na cheti mikono miwili. "Shikamoo mzee. Ni hapa tu, chini ya saini."

Mkurugenzi akaitazama taa nyekundu. Taa nyekundu ikamtazama. Akafungua mkoba. *Ko!* Mlio ukasikika redioni kila nyumba, kila duka, kila kinyozi.

"Mmeona huduma!" akawaambia wasikilizaji, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Cheti kilishuka ngazi mbiombio. Bintiye, aliyekuwa akisubiri tangu asubuhi, alikidaka langoni, sare imebanwa kiunoni, akatimua mbio hadi shule iliyo mtaa wa pili. Jina liliingia orodhani saa sita kasoro dakika nne. Lakini aliporudi kwa mama yake alishindwa kupita: foleni ilikuwa imelizunguka jengo la redio, kila mtu na cheti mkononi, kila mmoja ametulia kabisa, kama tangazo lilivyoagiza.

Mkurugenzi alichungulia dirishani, akakimbilia mlango wa nyuma. Mlango huo hufunguliwa kwa kitufe, na kitufe kiko kwa fundi mitambo.

"Mama, nifungulie! Nina kikao cha dharura."

Mama Vitufe akaketi, akaweka miwani vizuri, akalainisha sauti.

"Ombi lako limepokelewa, mzee. Mbele yako kuna watu mia mbili na kumi na wawili."

Akampandishia fidla.