Fundi Viatu Aliyeingia Kitabu cha Kumi na Saba

Jumatatu, tarehe 3

Kuanzia leo naandika kila siku. Watu wakubwa huandika. Tena kuandika ni rahisi kuliko kusoma: ukiandika, unajua mapema neno gani linakuja. Ukisoma, neno linakuvizia.

Habari ya leo. Mama Vifungo karudi kutoka hospitali. Ndiye yule mjane anayeuza vifungo, uzi na zipu, duka linalotazamana na meza yangu ya viatu, humu humu ndani ya jengo. Kapasuliwa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yamefungwa bandeji, na daktari kasema zisiguswe wiki nzima.

Hakulilia macho. Alililia kitabu. Kuna mfululizo wa mapenzi anaufuata miaka sasa, unaitwa Jino la Mahaba. Mnyonya damu mmoja, umri wake miaka mia tatu na kumi na mbili, anampenda binti wa daktari wa meno. Jina la bwana huyo lina herufi kumi na moja na mimi sijawahi kulifikia mwisho, kwa hiyo namwita Bwana Meno. Wamependana vitabu kumi na sita na hajamng'ata bado. Mama Vifungo ndiyo kwanza alikuwa amefungua cha kumi na saba.

Akauliza pale ukumbini, jamani, nani atanisomea. Nikasikia mtu anasema mimi. Kugeuka, ni mimi.

Sina hofu. Nilisoma mpaka darasa la tatu na nusu, na sikuishiwa mimi, walimu ndio walioishiwa. Na nisifiche, hili ni daftari langu: miaka minne nimemtazama mama huyu akipanga vifungo kwa rangi. Siku akiwaza mtu wa kunywa naye chai jioni za uzee, nataka aniwaze mimi.

Jumanne, tarehe 4

Nimesoma. Saa nzima, ukurasa mmoja na robo. Kuna neno "yaliyomsababishia" lilinikwama kama msumari ndani ya soli. Nililing'oa kipande kipande. Nilipomaliza nikamkuta Mama Vifungo kalala, mdomo wazi.

Nikafurahi. Sauti yangu hutuliza watu.

Mkamwana wangu, mke wa mwanangu, ninaoishi nao, aliyekuwa akisikiliza pembeni, kaniambia si sauti, baba. Hadithi ndiyo haiendi. Tangu saa kumi hadi saa kumi na moja Bwana Meno alikuwa bado anapanda ngazi. Nikamwambia ngazi za matajiri ni ndefu.

Lililoniuma ni hili. Mama Vifungo alipoamka aliuliza, kwa upole, kama kesho nipumzike, tumwite Mwalimu. Mwalimu! Yule mstaafu wa ghorofa ya juu, mjane mwenzangu, anayevaa tai hata akienda kumwaga takataka. Kumkabidhi huyo Mama Vifungo ni kumpa fisi bucha.

Nikasema sijachoka. Leo nilikuwa napasha koo tu.

Jumatano, tarehe 5

Akili ni nywele, na mimi sina nywele, zote zimeingia ndani. Mpango wangu: miwani puani, kitabu wazi, kurasa nageuza kwa wakati unaofaa. Lakini sisomi. Nasimulia kutoka kichwani.

Ngazi zile Bwana Meno kazimaliza kwa neno moja. Akafika dirishani kwa binti. Hapo nikakwama, maana sijui wanyonya damu hufanya nini madirishani. Nikajiambia, tazama unachokijua. Nikamtazama miguu. Mtu anatembea miaka mia tatu na viatu vile vile. Soli itakuwa imebaki kama karatasi. Basi akateleza, kisigino kikang'oka, kikaangukia bustanini. Akamwambia binti, samahani mpenzi, kabla sijakung'ata, hapa jirani hakuna fundi viatu?

Mama Vifungo alicheka mpaka nikaogopea bandeji.

Fundi akaitwa. Mtu mzima lakini imara. Mabega mapana. Meno yake yote ni yake. (Yangu matatu si yangu, lakini kile ni kitabu.) Na binti wa daktari wa meno, kwa kuwa amekulia kwenye kazi ile, akamwomba afungue mdomo, akatazama, akasema hajawahi kuona magego yaliyotulia namna hii.

Mama Vifungo akauliza, "Eeh, kisha?" Sijaambiwa eeh kisha tangu marehemu mke wangu.

Alhamisi, tarehe 6

Ukumbi umejaa. Msusi wa duka la pembeni kaja na wateja wake wawili, nywele zimesukwa nusu. Fundi viatu kaendelea vizuri sana. Bwana Meno alitaka kumng'ata shingo, fundi akamwambia nipe kiatu kwanza, shingo ipo tu. Msusi kapiga makofi.

Ndipo Mwalimu akashuka. Alisikiliza kidogo, kichwa upande, kama anayesikia bomba linavuja. Kisha akasema, samahani, kitabu cha kumi na saba amekisoma mwaka jana, na humo hamna fundi viatu hata mmoja.

Nikasema hii ni chapa mpya.

Akasema chapa mpya hubadilisha karatasi, bwana mkubwa, haizai watu.

Nikasema dunia nzima watu wanaongezeka, kitabu kimekosa nini. Msusi akasema hapo Mzee Gundi kasema. Mzee Gundi ndiye mimi.

Mwalimu akaomba akione hicho kitabu. Nikakikalia. Hakuthubutu kunitoa. Basi akatangaza kwamba kesho saa kumi ataleta nakala yake na kusoma mwenyewe, halafu Mama Vifungo aamue anayetaka kumsikiliza.

Mama Vifungo akasema haya, na iwe hivyo. Hilo "haya" silipendi.

Ijumaa, tarehe 7

Mola hamtupi mja wake! Asubuhi Mwalimu mwenyewe kaniletea viatu. Ile jozi nyeusi, ndiyo pekee anayotokea nayo mbele za watu. Kisigino kinacheza, anataka kiwe kimetulia saa kumi. Nikasema bila shaka. Alipopanda tu, nikang'oa soli zote mbili. Saa tisa akatuma kuulizia, nikajibu gundi haikauki mpaka Jumapili. Mtu wa tai hashuki ngazi peku.

Saa kumi kashuka. Tai, suruali ya pasi, na miguuni kandambili za waridi za binti yake, zenye ua juu. Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Kucheka peke yako ni kazi nzito kuliko kushona buti.

Anasoma kama redio. Kila nukta anaisimamia, kila mkato anaupa haki yake. Bwana Meno wa kwake alisimama dirishani kurasa kumi na mbili akisifia pazia. Mama Vifungo alitulia, mikono magotini. Hakulala. Roho yangu ikalegea kama ngozi iliyolala kwenye maji.

Alipomaliza, mama alimshukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru daktari. Akasema kesho tuje wote wawili, ana neno.

Nyumbani sikula sawasawa. Mkamwana akasema, "Baba, nenda ukamwambie kwamba unatunga, yaishe."

Nikamwambia kukiri kwamba natunga ni kukiri kwamba siwezi kusoma.

"Lakini huwezi, baba."

Nikamwambia alete maji ya kunywa.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya kesi. Mama Vifungo kakaa katikati na bandeji zake kama hakimu. Akaomba vitabu vyote viwili apewe Mwalimu, chapa yake na chapa yangu, amtafutie fundi viatu yupo ukurasa gani. Mwalimu akapekua, akilamba kidole. Akapekua tena. Akasema hayupo, mama. Huyu mzee anatupiga chuku.

Mama Vifungo akanigeuzia uso. Akaniuliza taratibu kama yule fundi nimemtunga mimi.

Mkamwana, aliyekuja kushuhudia, alikuwa ananitingishia kichwa kwamba kubali, kubali. Mimi nikasema, "Nasoma yaliyoandikwa. Sijaongeza hata nukta."

Mama Vifungo akashusha pumzi. Akasema basi ni bahati mbaya, maana angependa mtu aliyemtunga yule fundi awe anakunywa naye chai kila siku saa kumi, mpaka watakapochokana.

Mlango uko wazi, na mimi niko nje, nimeshikilia komeo kwa mkono wangu mwenyewe. Ningesema neno moja tu. Lakini nikishasema jambo, nimesema. Hata marehemu mke wangu alilijua hilo.

Ndipo Mwalimu akakohoa. Akasema kutunga si kazi ya kumtoa mtu jasho, hasa mtu aliyefundisha insha miaka thelathini na minne. Kama mama anataka fundi aendelee, yeye anaweza kumwendeleza. Akalegeza tai. Akaanza: "Hapo kale palikuwa na mshonaji viatu mmoja mnyonge..."

Mnyonge. Nikauma ulimi.

Akaendelea. Mshonaji huyo mnyonge alichukua sindano yake ndogo ya nguo, akaanza kutoboa soli.

Jamani, mtu ana mipaka. Sindano ya nguo kwenye soli! Nikasimama. Nikamwambia soli hutobolewa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, tena unauelekeza pembeni, na uzi unapakwa nta kwanza, la sivyo maji yanaingia. Na fundi si mnyonge. Fundi alimwambia Bwana Meno akishike kiatu barabara, na Bwana Meno, kwa kuwa hajafanya kazi ya mikono tangu azaliwe, akatia kidole kwenye msharasi. Tone la damu likamtoka. Akalitazama. Damu za watu ameziona miaka mia tatu, ya kwake ndiyo mara ya kwanza. Akaanguka chini kama gunia, kazimia. Binti akamwita fundi, fundi akamwinua yule bwana kwa mkono mmoja, mwingine akiwa bado ameshika kiatu, na binti akasema huu ndio mkono.

Wakacheka wote. Msusi akajishika mbavu. Mama Vifungo alishikilia bandeji kwa viganja viwili, mabega yanatikisika. Nikainama niwape heshima yao, na hapo nikaona. Vitabu vyote viwili vilikuwa mapajani mwa Mwalimu.

Naye akaona kwamba nimeona. Akauliza, kwa sauti ya darasani, sasa hayo bwana mkubwa alikuwa anayasoma wapi.

Nikasema nimeyahifadhi kwa moyo. Chapa mpya ina maandishi makubwa, inahifadhika upesi.

Mwalimu akapanda zake na kandambili zake. Mama Vifungo alibaki tu kanielekezea uso, anatabasamu, kama mtu anayeangalia mbali. Sikuelewa. Pengine dawa za hospitali.

Jumatano, tarehe 12

Siku tatu sikuandika, nilikuwa nimelala kifudifudi. Bandeji zilifunguliwa juzi. Tangu juzi Mama Vifungo kajifungia na kitabu cha kumi na saba. Nilijua anamtafuta fundi. Nilijua hatampata. Viatu vya Mwalimu nimevishona upya kwa uzi maradufu, sijui kwa nini.

Leo asubuhi kavuka ukumbi, kaja mezani kwangu. Kanitazama. Akasema, kumbe sauti yangu ni kijana kuliko mimi. Nilikuwa nimeandaa utetezi, kwamba kurasa za fundi huenda zilichanika, panya, unyevu. Hakuuliza. Alisema tu kamaliza, na Bwana Meno bado hajamng'ata, na zile kurasa za pazia kaziruka.

Kisha akaweka mezani kitabu kinene. Cha kumi na nane. Dada yake aliye ng'ambo kamtumia. Tatizo, hakijatafsiriwa bado, ni Kifaransa kitupu. Kamuuliza Mwalimu, naye kamjibu kwa uaminifu kwamba Kifaransa hajui hata salamu. Je, namjua mtu yeyote anayekisoma?

Mkamwana alikuwa ameniletea chakula. Akanikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga kwa nguvu zake zote.

Nikasema Kifaransa kwangu ni kama kunywa maji.

Mama Vifungo akauliza, mdomo kaubana kidogo, kama humo kwenye Kifaransa fundi viatu yumo. Nikamwambia yumo tangu ukurasa wa kwanza, Wafaransa wamemwongezea kazi. Akasema kama ni hivyo tuonane saa kumi, chai atachemsha mwenyewe, na kitabu nisisahau kukifungua upande ulio sawa.

Maskini, anaamini kila anachoambiwa. Mwanamke wa namna hiyo anahitaji mtu makini karibu yake, asije akadanganywa na watu.

Sasa hivi ni saa tano. Nimekifungua kuangalia. Herufi ni zile zile, nyingine tu zimevaa kofia. Nitajifunza baada ya kula.