Mgongo Uliopona Wiki ya Kuskusi

Jumatatu, 4 Agosti
Mgongo umeniuma tangu nilipoanguka kutoka kwenye mzeituni. Maumivu sugu, dawa zimenyoosha mikono. Leo binti yangu Rihab, muuguzi katika mji wa Susa, ameniwekea programu kwenye simu. Hipnosisi, eti, usingizi wa kuongozwa kwa sauti! Mwanamke mwenye sauti ya taratibu ananiambia nipumue, nishuke polepole hadi mahali ninapopapenda. Nikacheka. Kisha nikafumba macho. Nilipofumbua macho, maumivu yalikuwa yamerudi nyuma, yamebaki mlangoni. Nimelia, wala sioni haya. Mungu amtunze mwanangu.

Jumanne, 5 Agosti
Balaa! Kumbe ni wiki ya kutengeneza kuskusi, zile punje za unga wa ngano, ya mwaka mzima. Mke wangu Saloua na dada zake wako juu ya paa letu tambarare. Wakiniona nimenyooka, magunia ya unga ni yangu. Nimejikunja upya. Nimeguna kila ngazi. Mongi, kaka yake Saloua, alinipita na gunia begani: "Shemeji, mgongo wako unaijua kalenda kuliko imamu." Nikaguna zaidi. Mgonjwa hajibizani.

Alhamisi, 7 Agosti
Mpango safi: nimejitolea kulinda kuskusi iliyoanikwa isiliwe na njiwa. Kazi ya kukaa! Nikavaa spika za masikioni. Sauti ikaniambia nishuke, nikashuka hadi ufukweni Mahdia. Kufumbua macho, njiwa wamejaa kwenye shuka la kuskusi, wanakula kama walioalikwa. Nikaruka! Nikawakimbiza paa zima kwa fagio, nimesimama wima. Kugeuka, Saloua yuko mlangoni, Mongi nyuma yake.

Nilingoja matusi. Saloua akanijia, akanishika mgongo kwa viganja viwili, akalia. "Baba Rihab, nilishakubali kwamba nitakuzika umepinda." Kuskusi hakuitaja kabisa. Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu. Mongi alinikabidhi gunia.

Jumapili, 10 Agosti
Jana nilibeba magunia. Jioni mgongo ukaguna, nikaisikiliza sauti, ukatulia. Neema tupu. Nikamwapia Saloua kwamba simdanganyi tena maishani.

Leo wameanza pilipili za kusaga harisa, ule mchuzi mzito mkali, ndoo kwa ndoo. Nikaamka nachechemea. Goti! Saloua hakubisha. Alichukua spika zangu, akazifunga gotini kwa kitambaa, akanipa ndoo. "Goti nalo lisikilize," akasema.

Nimeoa mwanamke mwenye akili, alhamdulillahi. Goti halifai tena. Kesho nitajaribu bega.