Gari la Kupima kwa Kilo

"Gari haliuzwi!" shemeji alifoka, amekalia boneti ya pikapu kama kuku anayeatamia. "Marehemu kaka aliliacha ulitunze!"

"Kaka yako aliacha na watoto, nao wanakula," mama wa duka la mikate akamjibu. "Usinichoshe. Fundi anangoja."

Fundi hakuwa na haraka. Mjini alijiita Daktari wa Injini, na ndugu wakigombana juu ya gari bovu, kwake ni muziki. Wiki iliyopita, alipoitwa kutengeneza breki, ndiye aliyelegeza klampu inayobana mpira wa chini wa rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Maji yalivuja injini ikipata moto tu, yakakaukia njiani. Uvunguni palibaki pakavu kama dhamiri yake.

"Daktari, kila asubuhi najaza maji. Yanakwenda wapi?"

Daktari akaegesha sikio kwenye wavu wa mbele, akafumba macho, akatikisa kichwa kama anayesikiliza wosia.

"Pole, mama. Yanaingia ndani ya injini. Silinda hedi, kichwa cha injini, imepasuka. Hili sasa ni la kupima kwa kilo. Lakini wewe ni kama dada yangu, acha nilibebe mimi nikupunguzie hasara."

"Umelifungua ukaona?"

"Daktari mzoefu hampasui mgonjwa ovyo."

Mama akamkazia macho. "Utalichukua na ubovu wake huo huo, usinirudie?"

"Naapa, shemeji shahidi."

"Basi. Shemeji, shuka!"

Shemeji akashuka akisonya. Daktari akatoa fedha za mama mkwe wake, aliyemtuma akamnunulie friji. Kesho angeliuza gari kwa bei ya maana. Friji ingepatikana, na chenji nono juu.

Kwenye kona ya kwanza akasimama, akaikaza klampu, akaondoka akipiga mluzi. Mlimani, ekzosi ikafuka moshi mweupe kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Injini ikakohoa, ikazima. Daktari akainua boneti, akafungua kifuniko cha oili. Ndani, oili ilikuwa imechanganyika na maji, ina rangi ya chai ya maziwa.

Akampigia simu mama wa mikate. "Mama! Silinda hedi imepasuka kweli!"

"Si ulinieleza mwenyewe? Hata fundi mwingine aliniambia hivyo kabla yako. Kila mnunuzi akifungua boneti, anakimbia. Wewe umeutangaza ubovu mwenyewe ukafurahi."

"Na shemeji, mbona alikuwa analililia vile?"

"Aliikalia boneti ili usiifungue. Kazi njema, Daktari."

Alipokata tu, simu ikaita. Mama mkwe.

Ng'ambo ya barabara, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshanyanyuka kando ya mizani yake. Akalizunguka gari polepole, akagonga mlango kwa kidole.

"Hili, bosi, labda kwa kilo."

Daktari akaizima simu, akachukua spana.

"Pima," akasema, na kuanza kufungua gurudumu.